Serumu Si Maji

Mdomo wangu ndio jembe langu. Wengine hapa Buyenzi, mtaa wetu wa Bujumbura, wanauza vitenge, wengine wanafungua injini. Mimi, Saliha binti Massoudi, nasomea watu karatasi. Pale Rohero kuna zahanati moja inayofanya utafiti wa magonjwa ya watoto wachanga, jina lake silitaji, na sheria yake ni kwamba mzazi hatii sahihi kabla ya kusomewa karatasi akaielewa. Karatasi ziko kwa Kifaransa, kwa Kirundi na kwa Kiswahili. Za Kiswahili ndizo zangu. Na nikwambie mapema, aliyeandika Kiswahili cha karatasi zile hajawahi kununua hata fungu la nyanya Buyenzi.

Mimi nilisoma Kigoma, kwa hiyo cha vitabu nakijua na cha nyumbani nakijua. Dokta Astère, mkuu wa utafiti, aliniambia siku ya kwanza, "Mama Saliha, soma kilichoandikwa." Nikasema ndiyo, dokta. Halafu kila siku nikawa nayapindua maneno, maana nikisoma kilichoandikwa mama mtu anaitikia kwa kichwa kwa adabu, na hajaelewa hata nusu. Nikipindua, anauliza maswali. Basi nikajiona mjuzi kweli kweli, mpaka siku alipoletwa Khaled.

Khaled ni mtoto wa Moubarak, na Moubarak ni mtoto wa marehemu kaka yangu, makanika, mtu wa msikitini, kichwa kigumu kama cha baba yake. Mkewe ni Assia. Assia alizaliwa Kanyosha katika nyumba ya watu wa kanisa, jina lake likiwa Chanelle. Akasilimu, akaolewa na Moubarak. Tuseme ukweli, mimi sikuwa nimemzoea. Miaka kumi ya ndoa, na bado nikimtaja mbele za watu nilikuwa nasema "bibi ya Moubarak", kana kwamba hana jina.

Binti yao mkubwa, Fatouma wa miaka tisa, alianza kukohoa. Wiki ya kwanza kikohozi kilikuwa cha kawaida. Halafu kikabadilika: anakohoa mfululizo bila kuvuta pumzi, uso unaiva, machozi yanatoka, na hewa ikija kuingia inaingia na mlio, kama jogoo mdogo anayejifunza kuwika. Mwisho anatapika. Vipimo vikasema ni kifaduro. Chanjo alichanjwa utotoni, lakini dokta alisema nguvu yake hupungua kadiri miaka inavyokwenda. Akapewa dawa, nasi tukamhamishia kwangu.

Fatouma mwenyewe hakututia hofu sana. Msichana wa miaka tisa atasumbuka miezi miwili mitatu, kisha atapona. Hofu yetu ilikuwa Khaled. Alikuwa na wiki tatu tu, na siku zote hizo alilala chumba kimoja na dada yake. Chanjo ya kifaduro huanza wiki ya sita. Na mtoto wa wiki tatu akishikwa na ugonjwa huo, pengine hata huo mlio hatoi. Anaweza kunyamaza tu, akaacha kupumua.

Dokta Astère akamwandikia siropu ya kuua vijidudu, kama wanavyoandikiwa wote. Kisha akaniita pembeni, akaniambia kwa Kifaransa kwamba mtoto huyu anafaa kwa utafiti wao. Ni dawa iliyotolewa katika damu ya watu wazima ambao miili yao ina kinga kali ya kifaduro. Damu inachujwa, inasafishwa, inabaki ile kinga tu, na mtoto anachomwa sindano moja pajani. "Kama inasaidia kuliko siropu peke yake, bado hatujui," akasema. "Tunatumaini. Ndiyo maana ni utafiti. Lakini tukingoja mpaka aanze kukohoa tumechelewa. Mwisho ni Alhamisi saa nne asubuhi. Baada ya hapo sitaweza kumwingiza."

Hiyo ilikuwa Jumanne. Moubarak na Assia walikuwa wamekaa kwenye benchi. Nikachukua karatasi ya Kiswahili, nikakohoa kidogo kusafisha koo, nikasoma kwa sauti yangu ya kazini: "Mtoto wako atapewa kingamwili za binadamu."

"Kinga?" Moubarak akanikatiza. "Kinga gani tena, shangazi? Mi mutoto yangu simuvalishi hirizi. Ile ni shirki."

"Si hirizi, we! Ni dawa ya hospitali."

"Umesema kinga ya binadamu. Binadamu gani anatoa kinga kama si muganga?"

Sasa hapo niseme nini? Kwetu kinga ni kile kikaratasi kilichoshonewa ngozi na kufungwa mkononi mwa mtoto, na marehemu kaka yangu aligombana na wanawake wa mtaa mzima kwa ajili ya vitu hivyo. Nikamwona Moubarak anatafuta funguo mfukoni, ishara kwamba anaondoka. Nikatafuta neno jingine haraka haraka. Nikakumbuka kwamba kwenye mafunzo yetu mwalimu alisema, kwa Kifaransa, kwamba dawa hii ni aina ya serumu. Nikalidaka.

"Ni serumu," nikasema. "Mutoto atapewa serumu."

"Aaah!" Moubarak akarudi kukaa. "Si ungesema hivo toka mwanzo?"

Akatia sahihi, au kama tunavyosema Buyenzi, akasinye. Assia alikuwa amembeba Khaled kifuani na hakuwa amesema neno tangu waingie. Akapewa kalamu, akatia sahihi yake chini ya ile ya mumewe. Nikakunja karatasi huku nikifurahia akili zangu.

Jumatano mchana Assia alikuja kwangu na bakuli la uji wa Fatouma. Khaled alimwacha kwa jirani. Alimkuta Fatouma amejikunja juu ya ndoo, kikohozi kimempanda, akamshika paji la uso mpaka kikaisha. Akampangusa mdomo, akamlaza, akanifuata uani.

"Shangazi, Khaled nimemunyoa kichwa."

"Umemnyoa tena? Si alinyolewa siku ya akika?"

"Nywele zilianza kuota. Na serumu ya watoto wadogo inawekwaka ku kichwa, sababu mushipa ya mukono haionekanaka. Nimemunyoa vizuri, upande zote mbili." Akatabasamu. "Moubarak amefurahi. Anasema kumbe ni maji na chumvi tu, hakuna kibaya."

Bakuli la uji lilikuwa mkononi mwangu. Namshukuru Mungu halikuanguka.

Ukienda Dar, yale maji yanayoning'inizwa juu ya kitanda cha mgonjwa wanayaita dripu. Kwetu ni serumu. Ni maji, chumvi na sukari, na hakuna mtu Bujumbura asiyeipenda. Kuna watu ambao wakitoka hospitali bila kuwekewa serumu wanalalamika kwamba hawakutibiwa. Serumu haijatoka mwilini mwa mtu. Serumu haina mwenyewe. Na mimi, mjuzi wa Kigoma, nilichukua dawa iliyotolewa katika damu ya watu, nikawaambia wazazi ni maji.

Sikumwambia Assia. Nilimtazama akifunga kitenge chake vizuri, akaaga, akaenda.

Nikakaa. Nikajiambia, nyamaza, Saliha. Kesho saa nne sindano itaingia, dakika moja itakuwa imetoka, na mtoto atakuwa amepata. Moubarak akiuliza mbona ni kichupa kidogo, nitamwambia hii ni serumu ya wachanga. Uongo ulikuwa umeshajipanga wenyewe mdomoni, unangoja siku yake tu.

Fatouma akaanza tena. Nikaingia, nikamshika. Pumzi ilipokataa kurudi alinikamata kidole akakiminya kwa nguvu zake zote, macho yananitazama kana kwamba mimi ndiye niliyeificha hewa yake. Alikuwa na nguvu za kuminya. Khaled angeminya nini? Niliogopa, wala sioni haya kusema. Niliogopa mtoto asije akatuponyoka. Na niliogopa vilevile Moubarak asije akajua kwamba shangazi yake, aliyebaki badala ya baba, amemdanganya.

Nikampigia simu dokta Astère.

"Dokta, wale wazazi wa Khaled wametia sahihi mtoto awekewe maji."

"Maji gani?"

Nikamweleza yote, kinga, hirizi, serumu, kichwa kilichonyolewa.

"Basi hawajakubali kitu," akasema pole pole. "Mama Saliha, na mimi nataka huyo mtoto apate. Lakini sitamchoma hivyo. Waambie, au nije niwaambie mimi."

"Nitawaambia mimi, dokta. Aliyemwaga ndiye anayepangusa."

Alasiri nikaenda gereji. Petroli ilikuwa imeadimika tena mjini, magari yamelala, kwa hiyo Moubarak alikuwa na nafasi. Alikuwa amekaa na mafundi wenzake kwenye kiti kilichong'olewa ndani ya Probox, anasugua plagi kwa kitambaa. Akainuka kunipisha kiti. Nikakataa kukaa. Kuna maneno ukiyasemea kitini yanazidi uzito.

"Moubarak, ile serumu niliyokusomea jana si serumu unayoijua."

"Ni nini?"

"Ni dawa wametoa katika damu ya watu. Watu wazima wenye nguvu ya kuzuia kifaduro. Wanachukua damu yao, wanachuja, wanabakiza ile nguvu tu. Mimi nilikosa neno, nikasema serumu. Kosa ni langu."

Akaiweka plagi chini. Hakupiga kelele. Ningependa angepiga.

"Damu ya watu."

"Si damu yenyewe. Haina hata rangi nyekundu. Ni kitu kilichotoka ndani yake."

"Shangazi, maziwa nayo inatoka mu mwili ya mutu. Mutoto akinyonya kwa mwanamuke mwengine anakuwa ndugu ya watoto yake, hawawezi kuoana. Iyo njo sheria, we unaijua kunishinda. Sasa hii ni ya watu wangapi?"

"Dokta anasema wengi. Wanachanganya ya mamia."

"Mamia! Sasa Khaled akikua ataoa wapi? Tumutafutie bibi China?"

Mafundi wakacheka. Akawakata jicho, wakarudi kwenye plagi zao. Nikamwambia maziwa ni maziwa na damu ni damu. Masheikh walishalijibu hilo zamani, mgonjwa akiongezewa damu hawi ndugu wa aliyeitoa, na dharura ina mlango wake. Akatafakari, akakubali. Moubarak ni mkaidi, lakini si mjinga. Kisha akauliza swali jingine, kwa sauti ya chini.

"Damu ya nani?"

Katika nchi yetu hilo ni swali la kabila, ambalo mtu mwenye akili haulizi kwa sauti, na akiulizwa hajibu. Tumezikana kwa ajili ya swali hilo.

"Sijui," nikasema. "Hata dokta hajui. Kichupa hakina jina la mtu."

"Basi njo maana sitaki."

"Mtoto anaweza kufa, Moubarak."

"Nimesikia. Ungeniambia jana ningepata siku mbili za kufikiri. Unaniambia leo alasiri nijibu kesho asubui." Akaokota kitambaa, akajifuta mikono, kidole kimoja kimoja. "Mi sikusinye karatasi, shangazi. Nilisinye mudomo yako."

Neno hilo lilinikata. Miaka hamsini na sita nimeambiwa mdomo wangu mkubwa, mdomo wangu mkali, mdomo wangu hauna breki. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba hauaminiki.

"Kesho tutaenda wote," akasema. "Nitamwambia dokta apana mimi mwenyewe. Mutu anakataa macho kwa macho, hatumi simu."

Alhamisi walifika kabla ya saa nne. Moubarak alikuwa na kanzu safi na kofia, Assia amembeba Khaled ndani ya shuka la manjano. Dokta Astère akawasalimia, akawaketisha ofisini kwake, akaniomba nikae nami. Moubarak akasema alichokuja kusema, kwa heshima, bila kutia chumvi. Dokta akasikiliza mpaka mwisho.

"Sawa," akasema. "Hakuna atakayewakasirikia. Siropu aendelee kuinywa, na tutamwangalia kila siku, tutafanya yote tunayoweza." Halafu akageuka. "Na wewe, mama? Wewe unasemaje?"

Assia alimpandisha mtoto begani, akampapasa mgongo. Kisha akauliza kwa Kirundi, na Kirundi mimi nakisikia vizuri sana: karatasi hii ipo kwa Kirundi?

Dokta akashangaa. "Ipo. Lugha zote tatu zipo. Hukuulizwa unataka ipi?"

Assia hakunitazama. Ilikuwa adabu yake, na ilinichoma kuliko jicho kali.

Hakuulizwa. Kosa la serumu ningeweza kulitetea mbele ya mtu, neno lilinipotea, hutokea. Hili sikuwa na pa kulificha. Mtu amezaliwa Kanyosha, amesoma shuleni kwa Kirundi mpaka sekondari, nami nilimsomea Kiswahili cha Dar es Salaam akiwa amekaa kando ya mumewe, kwa sababu kichwani mwangu yeye alikuwa amekuja kumsindikiza mumewe tu. Hata halikunipitia akilini kwamba mama wa mtoto anaweza kuchukua karatasi akasoma.

Akapewa. Akaisoma mwenyewe kimya, kidole kinafuata mistari, Khaled amelala mapajani. Kurasa nne. Mara mbili alirudi nyuma kurudia. Moubarak alitaka kusema kitu, akaona uso wa mkewe, akaacha.

"Dokta," Assia akasema mwishoni, "hapa wanaandika kama mama mwenye mimba naye anamupatiaka mutoto kitu kama hii. Ni kweli?"

"Ni kweli. Miezi ya mwisho ya mimba, nguvu hiyo inapita kutoka kwa mama inaingia kwa mtoto kupitia kondo na kitovu. Ndiyo inayomlinda mpaka chanjo zake zianze. Lakini ya kifaduro huenda wewe ulikuwa nayo kidogo. Nchi nyingine wanamchanja mama akiwa na mimba ili awe nayo ya kutosha, hapa kwetu bado haijawa kawaida. Kilichomo katika kichupa hiki ni kitu kilekile, ila kimetoka kwa watu wengine."

Assia akamgeukia mumewe, akaanza kumsomea. Macho yanasoma Kirundi, mdomo unasema Kiswahili chetu cha Buyenzi, taratibu, kama mtu anayesoma barua ya nyumbani.

"Hapa haisemi kinga. Haisemi serumu. Inasema askari ya mwili. Kuna watu wenye wako na askari wengi, wale wamekubali kutoa damu, mu ile damu wanatoa askari peke yao. Wanawasafisha ili wasibebe ugonjwa. Wanaingia kwa mutoto, wanapigana, kisha miezi kidogo wanaisha. Hawabaki." Akageuza ukurasa. "Hapa wanasema anaweza kupata homa, ao paja ivimbe. Hapa wanasema hawana hakika kama itamusaidia. Na hapa wanasema tukikataa, wataendelea kumutibu sawa na wengine."

Alisoma hata vile ambavyo mimi kwa kawaida naviruka. Wakati wote huo Moubarak alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza.

"Nimeelewa," akasema. "Leo nimeelewa kabisa. Lakini bado ni damu ya watu hatuwajui, Assia."

"Miezi tisa Khaled alikula damu yangu," Assia akasema. "Fatouma pia. Na hukuuliza ni damu ya nani."

"We ni bibi yangu!"

"Mbele ya kuwa bibi yako nilikuwa mutu mwenye hamumujui. We hukuuliza. Shangazi njo aliuliza." Hapo ndipo akanitazama. Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Siku ya posa alikaa ku mukeka ya mama yangu, kule Kanyosha, Fanta yenye mama alimununulia iko mu mukono, akauliza, huyu binti ni damu gani? Mama akatoka inje akalia. Mi nilikuwa nyuma ya pazia."

Sikujua kwamba kulikuwa na mtu nyuma ya pazia. Miaka kumi ananiita shangazi, ananiletea futari kila Ramadhani, nikiugua anakuja kunifulia, na maneno yale anayo moyoni siku zote hizo. Na kumbe alimficha hata mumewe, maana Moubarak aliinua uso, akanitazama kama mtu aliyeamshwa kwa maji.

"Shangazi?"

"Niliuliza," nikasema. Mdomo huu, unaoulisha mwili wangu, ulikuwa umekauka. "Niliuliza kweli, kwa kiburi, na nikamaliza ile Fanta. Na juzi sikukuuliza unasoma lugha gani. Nimekukosea mara mbili, Assia. Nisamehe."

"Hiyo tutaiongea," akasema. "Sasa kuna mutoto."

Dokta Astère alikuwa anatazama meza yake, mikono ameikunja, kama mgeni aliyeingia nyumba ya watu wakati wa ugomvi. Moubarak akavua kofia, akaiweka gotini. Akaukunjua kidogo ule upande wa shuka, akamtazama mwanawe na kichwa chake kilichonyolewa. Khaled alipiga miayo.

"Nani anasinye kwanza?" Moubarak akauliza.

"Mimi," Assia akasema.

Akatia sahihi kwenye karatasi ya Kirundi. Moubarak akatia ya kwake chini ya jina la mkewe. Kisha muuguzi akaja na kile kichupa, maji ya rangi ya chai hafifu, kidogo sana, huwezi kuamini kwamba kimesumbua watu hivyo. Sindano ikaingia pajani. Khaled akapiga kelele zikafika mpaka barabarani, na sote tukafurahi kuzisikia.

"Siku ishirini na moja," dokta akasema. "Tumwangalie siku ishirini na moja. Zikipita bila kikohozi, ugonjwa wa dada yake haukumpata."

Ninyi hamjui siku ishirini na moja ni ndefu kiasi gani. Sikuwa na uso wa kwenda kwao kila saa, kwa hiyo nilipita asubuhi tu, nasimama mlangoni, nauliza "Vipi?", najibiwa "Muzima", narudi. Siku ya tisa Moubarak akanipigia simu: amekohoa! Nilikimbia na kandambili moja, nyingine sijui niliiacha wapi. Kumbe maziwa yalimpalia. Tulimkuta dokta kazini, akampima kifua, akasema hana kitu, tukarudi nyumbani. Kazini nilimwambia dokta kwamba sasa kabla ya kusoma chochote namuuliza kila mzazi lugha yake, baba kivyake, mama kivyake. Akasema sheria ndivyo ilivyokuwa tangu mwanzo. Nikasema najua, dokta, usinipigilie msumari.

Siku ya ishirini na moja ilikutana na wiki sita za Khaled. Asubuhi alipelekwa kuchanjwa chanjo yake ya kwanza, na dokta akampima. Fatouma alikuwa bado kwangu. Dokta alishasema hawezi tena kumwambukiza mtu, ila kikohozi kilikuwa bado kinamrudia, chepesi, mara mbili tatu kwa siku. Saa sita hivi Assia akaingia uani, Khaled mgongoni, jasho linamtoka.

Nilikuwa nachambua mchele. Nikainuka na ungo wote.

"Dokta amesema nini?"

"Muzima. Anasema mutoto mumoja haonyeshi kitu, wanangoja kuona wengine. Lakini huyu, muzima."

"Alhamdulillahi! Alhamdulillahi rabbil alamina." Nikafuta macho kwa upande wa mtandio. Nikasimama pale kama mjinga, na neno likanitoka kabla sijalipima. "Na mimi je? Mimi siku zangu hazijaisha?"

Assia akafungua kitenge, akamzungusha mtoto kutoka mgongoni mpaka mbele. Kisha akacheka, kicheko kifupi cha puani, cha kwanza nilichokisikia kutoka kwake tangu siku ile ya ofisini.

"We bado, shangazi," akasema. "Mushike mutoto, nikamuone Fatouma."

Akaniwekea Khaled mikononi, akaingia ndani.